Mantra ya Gayatri: inasema nini, na inasomwaje

Mantra ya Gayatri ilishatoka hekaluni zamani. Utaisikia katika madarasa ya yoga ya Nairobi na Dar es Salaam, kwenye milio ya simu, kwenye video za kuleta usingizi, na katika harusi za Wahindu ambako majirani Waislamu na Wakristo wamealikwa. Kila inaposikika, maswali ni yaleyale. Hii ni sala au ni azima? Gayatri ni nani? Watu hawa wanaabudu jua? Asiye Mhindu akiitamka, amefanya nini? Juu ya hayo kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu kwamba mwanasayansi wa Marekani aliipima mantra hii akakuta inatoa mawimbi ya sauti 110,000 kwa sekunde. Mambo manne matano tofauti yamechanganywa humo, na yanahitaji kutenganishwa moja moja.

Mantra ni maneno matakatifu ambayo sauti zake na mpangilio wake havibadilishwi. Mtu hawezi kuifupisha, wala kuweka neno jingine lenye maana ileile. Lugha ya mantra hii ni Kisanskriti, na chimbuko lake ni Rigveda, iliyo kongwe kati ya Veda nne, maandiko matakatifu ya Wahindu. Rigveda ina nyimbo 1,028 katika vitabu kumi, na wataalamu wengi huikadiria kuwa ilitungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 K.K., kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi. Mantra ya Gayatri ni ubeti wa 10 wa wimbo wa 62 katika kitabu cha tatu. Wimbo huo una beti 18, na mapokeo yanamtaja Vishvamitra kuwa ndiye rishi wake, yaani mwonaji aliyepewa maneno hayo.

Jina Gayatri lenyewe hubeba vitu vitatu, na hapo ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia. Kwanza ni jina la bahari ya ushairi. Anayeujua utenzi wa Kiswahili ataelewa upesi: mshororo wa utenzi una mizani nane, na ubeti una mishororo minne. Gayatri nayo ina mizani nane kwa mshororo, ila mishororo yake ni mitatu, jumla mizani 24. Vina haina. Kinachopangwa ni silabi fupi na ndefu, hasa kuelekea mwisho wa mshororo. Karibu robo ya Rigveda imetungwa katika bahari hii, kwa hiyo beti za gayatri ni maelfu. Pili, jina la bahari liliuganda ubeti huu mmoja kwa sababu ya umaarufu wake, ingawa vitabu vya kale hupenda kuuita Savitri, yaani ubeti wa mungu Savita. Tatu, baadaye sana, ubeti ukapewa sura ya mama: mungu wa kike Gayatri, anayechorwa akiwa na nyuso tano juu ya ua la yungiyungi. Picha hiyo ni ya kweli katika ibada za leo, lakini hakuna mungu wa kike anayetajwa ndani ya ubeti wenyewe.

Kuna na nne, kama mtu ataka kukamilisha. Kwa kuiga muundo wa ubeti huu zilitungwa Gayatri za miungu mingine. Ile ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, kwa mfano, huishia *tanno dantih prachodayaat*. Ukisikia mtu anasoma “Gayatri” na maneno hayafanani na uliyoyazoea, huenda ni mojawapo ya hizo.

Maneno yenyewe

Nitaandika irabu ndefu kwa kuzirudia, kama tunavyofanya katika Kiswahili. Irabu e na o za Kisanskriti ni ndefu siku zote, hivyo sizirudii.

*Om*
*bhuur bhuvah svah*
*tat savitur varenyam*
*bhargo devasya dhiimahi*
*dhiyo yo nah prachodayaat*

Ubeti wa Rigveda ni mishororo mitatu ya mwisho tu. Om na mstari unaofuata vimeongezwa mbele yake katika ibada, na desturi hiyo ni ya kale: inaonekana tayari katika maandiko ya Yajurveda, mojawapo ya zile Veda nne. Om ni sauti takatifu inayofungulia kisomo. *Bhuur*, *bhuvah*, *svah* ni matamko matatu yanayotaja ardhi, anga ya kati na mbingu.

Kisha ubeti. *Tat* ni “ule”. *Savitur* ni “wa Savita”, mungu wa Rigveda anayehusishwa na jua, hasa nguvu yake ya kuamsha na kusukuma vitu viende. *Varenyam* ni “unaostahili kuchaguliwa, ulio bora”. *Bhargo* ni “mng’ao”. *Devasya* ni “wa mungu”. *Dhiimahi* ni kitenzi cha wingi: “tuutafakari”. *Dhiyo* ni “fikra”, *yo* ni “ambaye”, *nah* ni “zetu”, *prachodayaat* ni “na azisukume, na azichochee”. Tukiyaunganisha:

*Tuutafakari mng’ao ule bora wa mungu Savita, ambaye na azichochee fikra zetu.*

Tafsiri nyingine zitatofautiana na hii, na zipo sababu mbili za haki. Ya kwanza ni *dhiimahi*. Wafasiri wa Kihindu tangu kale hulitoa neno hili katika mzizi wenye maana ya kutafakari. Wanaisimu wengi wa leo hulitoa katika mzizi wenye maana ya kuweka au kupata, hivyo “na tuupate mng’ao ule”. Sarufi ya zamani inaelekea upande wa wanaisimu, ila ibada yote ya miaka elfu mbili na zaidi imejengwa juu ya kutafakari, na anayetaka kujua watu wanamaanisha nini wanapoisoma afuate tafsiri ya kutafakari. Sababu ya pili ni Savita mwenyewe. Sayana, mfasiri mkuu wa Veda wa karne ya 14, alitoa maelezo zaidi ya moja: Savita kama muumba anayeongoza roho kutoka ndani, na Savita kama jua lionekanalo. Hakuona lazima ya kuchagua moja.

Kwa hiyo swali la kama Wahindu wanaabudu jua kwa mantra hii halina jibu la neno moja. Wapo wanaolielekea jua lenyewe kwa heshima. Wapo wanaoliona jua kama alama ya mwanga wa Mungu mmoja asiye na umbo. Wapo wanaomwona Mama Gayatri. Ubeti unaruhusu wote hao, kwa kuwa unachotaja ni mng’ao na mwenye mng’ao.

Kisarufi kuna jambo dogo ambalo tafsiri nyingi hulipoteza. Neno *yo* ni la jinsi ya kiume, na *bhargo* si ya kiume wala ya kike. Hivyo anayeombwa kuzichochea fikra ni Savita, mng’ao sio. Maandishi ya mitandaoni yanayosema “mwanga huo uangaze akili zetu” yako karibu, lakini yamemhamisha mtendaji.

Tazama pia kisichoombwa. Nyimbo nyingi za Rigveda huomba ng’ombe, mvua, watoto wa kiume, ushindi vitani. Ubeti huu hauombi hata kimoja. Unaomba akili isogezwe, basi. Tena hata mtu akiwa peke yake chumbani hasemi “fikra zangu”. Wanaoomba wametajwa kwa wingi, katika *dhiimahi* na katika *nah*. Kwangu hilo ndilo jibu la swali la azima. Azima humfunga au kumfungua mtu fulani kwa shabaha fulani. Huu ni ubeti wa dua, umetungwa kwa sauti ya kundi, na ombi lake ni moja.

Kuitamka bila kuiharibu

Kwa msomaji wa Kiswahili, mitego iko mahali mahususi, na karibu yote inatokana na herufi zilezile kuwa na sauti tofauti.

Mtego mkubwa ni dh. Kwetu dh ni ile ya dhahabu na dhambi, ulimi ukigusa meno. Kisanskriti hakina sauti hiyo kabisa. Dh yake ni d inayofuatwa papo hapo na pumzi, na bh ni b inayofuatwa na pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo useme *dhiyo*, kisha *bhargo*: pumzi igonge kiganja. Isipogonga, umesema “diyo” na “bargo”. Wazee wa Mombasa wanaotofautisha paa la nyumba na p’aa wa porini wana mwanzo mzuri, maana masikio yao yamezoea mpumuo, ingawa katika bh na dh sauti ya koo haikatiki.

Wa pili ni *varenyam*. Macho ya Mswahili yanaona ny ya nyama. Siyo. Ni n, inayotamkwa ncha ya ulimi ikikunjwa nyuma kidogo kwenye kaakaa, kisha y: va-ren-yam. Hapa kuna siri ya hesabu. Ukihesabu mizani za mshororo wa kwanza utapata saba, tat-sa-vi-tur-va-ren-yam, wakati mishororo mingine miwili ina nane nane. Mshororo haukukosewa. Zamani neno hilo lilitamkwa kwa silabi nne, va-re-ni-yam, na mizani ikatimia. Wapo wanaolisoma hivyo mpaka sasa, kwa hiyo ukisikia *vareniyam* usikimbilie kusahihisha.

Wa tatu ni mkazo. Kiswahili huegemea silabi ya pili kutoka mwisho na kuirefusha kidogo, na ulimi hufanya hivyo bila kuombwa ruhusa: *prachodaayat*, *dhimaahi*. Ubeti unataka kinyume. Katika *prachodayaat*, da ni fupi na yaat ni ndefu. Katika *dhiimahi*, dhii ni ndefu, ma na hi ni fupi. Irabu ndefu huchukua muda maradufu ya fupi. Njia rahisi ya kujirekebisha ni kupiga vidole mezani: pigo moja kwa silabi fupi, mapigo mawili kwa ndefu, polepole, mpaka mkono ushike.

Wa nne ni kuongeza irabu mwishoni, kwa kuwa maneno yetu hupenda kuishia kwa irabu. *Tat* inakuwa “tati”, *prachodayaat* inakuwa “prachodayati”. Zikate hapo hapo zinapokatika.

Kosa la tano halina uhusiano na Kiswahili. Liko kila mahali, hata katika rekodi nzuri: *svah* kugeuka *svaahaa*. Herufi h ya mwisho katika *svah*, *bhuvah* na *nah* ni pumzi nyepesi inayorudisha mwangwi mdogo wa irabu iliyotangulia, kama *svaha* fupi inayozimika. *Svaahaa* yenye irabu mbili ndefu ni neno jingine kabisa, la kutolea sadaka motoni. Katika ibada ya moto, *svaahaa* huongezwa mwisho wa mantra wakati samli inamiminwa. Kuliweka mahali pa *svah* ni kukosea neno. Lakini *suvah* si kosa: wafuasi wa Yajurveda Nyeusi, tawi moja la Yajurveda, wengi wao wa India ya kusini, ndivyo walivyopokea.

Baada ya sauti kuna kidatu, na hapa mafundisho mengi ya mitandaoni yananyamaza. Ubeti wa Veda una silabi za juu, za chini, na za kupanda na kushuka. Kiswahili kimepoteza kidatu cha maneno, ila msemaji wa Kikuyu au Kinyarwanda anajua kuwa sauti ikipanda mahali pasipo pake maana inaweza kugeuka. Katika vitabu vya Veda, mstari mdogo wa kulala chini ya silabi huashiria kushusha, na wa kusimama juu yake huashiria kupandisha. Kisomo cha kawaida kinatumia ngazi tatu tu za sauti zilizo karibu karibu. Ile miziki mitamu yenye ala na madoido ni nyimbo za ibada, na hakuna ubaya wa kuzifurahia, lakini si kisomo cha Veda, na anayejifunza kwa kuziiga hujifunza melodia ya mtunzi wa juzi.

Uzito wa kidatu unaelezwa na kisa cha kale. Tvashta, mungu fundi, akiwa na hasira, alitaka apate kiumbe cha kumuua Indra, mfalme wa miungu. Akatamka *indrashatru* akikusudia “muuaji wa Indra”, lakini akaweka kidatu kwenye silabi ya kwanza badala ya mwisho, na neno likawa “ambaye muuaji wake ni Indra”. Akazaliwa Vritra, na Indra akamuua.

Kitabu cha matamshi kinachohusishwa na Panini, mwanasarufi mkuu wa Kisanskriti, kinataja wasomaji sita wabaya: anayeimba badala ya kusoma, anayekimbiza, anayetikisa kichwa, anayesoma kutoka kwenye maandishi, asiyejua maana, na mwenye sauti hafifu. Wa nne huwashangaza watu wa vitabu kama sisi. Lakini Veda zilihifadhiwa kwa masikio na midomo kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa, na mwanafunzi alitakiwa awe nazo moyoni. Ili hata silabi moja isipotee, walibuni njia za kusoma maneno kwa mpangilio uliogeuzwa. Katika ile ngumu zaidi iitwayo ghana, maneno matatu husomwa hivi: 1-2, 2-1, 1-2-3, 3-2-1, 1-2-3, kisha msomaji husogea neno moja mbele na kuanza tena. Ukifanya hivyo kwa kitabu kizima, neno likiongezeka au kupungua utalisikia mara moja. UNESCO iliitangaza mapokeo haya ya kisomo cha Veda kuwa urithi wa binadamu mwaka 2003, na yakaingizwa katika orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2008.

Inasomwa lini, na namna gani

Mahali pa asili pa mantra hii ni ibada ya mapambazuko na machweo, iitwayo sandhya, ambayo wengi huongezea na ya adhuhuri. Sheria ya Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, inaeleza wazi: alfajiri mtu asome akiwa amesimama mpaka alione jua, na jioni asome akiwa ameketi mpaka nyota zionekane. Asubuhi uso unaelekea mashariki, jioni magharibi. Karibu na ikweta hili ni rahisi kulipangia saa, kwa kuwa Nairobi jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwaka mzima. Mhindu wa London hana budi kufuata kalenda, kwani kati ya Juni na Desemba mapambazuko yake hutofautiana kwa zaidi ya saa tatu.

Mfuatano kamili hutofautiana kwa ukoo na kwa Veda, lakini mifupa yake inafanana. Mtu hunawa, kisha hunywa funda dogo la maji mara tatu kutoka kwenye kiganja cha kulia. Hudhibiti pumzi. Hutamka nia yake. Hujinyunyizia maji. Husimama akachota maji kwa viganja viwili na kuyamwaga kuelekea jua mara tatu, kila mara kwa Gayatri. Ndipo hufanya japa, yaani kuikariri mantra kwa idadi aliyojiwekea, na mwisho hutoa salamu ya kuagana.

Idadi za kawaida ni 10, 28, 108 na 1,008. Siku moja kwa mwaka, baada ya sherehe ya kubadili uzi mtakatifu katika mwezi wa Shravana, Wabrahmani wengi (watu wa tabaka la makuhani) wa India ya kusini husoma 1,008 kwa kikao kimoja. Kwa anayeanza, kumi zilizo safi zinatosha. Hesabu ya muda itakuambia kama unaenda vizuri: mantra moja isiyokimbizwa, yenye vituo baada ya Om, baada ya *svah* na baada ya kila mshororo, huchukua sekunde nane mpaka kumi. Mara 108 ni kama dakika 15 mpaka 18. Anayemaliza 108 kwa dakika tano ametumia chini ya sekunde tatu kwa kila moja, na kwa mwendo huo haiwezekani irabu ndefu ziwe ndefu wala mpumuo usikike. Kosa hili ndilo lililoenea zaidi, na chanzo chake ni kutamani idadi.

Tasbihi ya Kihindu, mala, ina shanga 108 na moja kubwa ya ziada iitwayo meru. Hushikwa kwa mkono wa kulia, shanga zikining’inia juu ya kidole cha kati na kuvutwa kwa kidole gumba, kidole cha shahada kikikaa pembeni. Ukifika kwenye meru huivuki. Unaigeuza mala na kurudi ulikotoka.

Wasio na mala huhesabu kwa pingili za vidole vya mkono wa kulia, gumba likigusa. Anza pingili ya kati ya kidole cha pete, shuka ya chini yake: mbili. Hamia kidole cha mwisho, panda kutoka chini mpaka juu: tatu, nne, tano. Kisha pingili za juu za kidole cha pete, cha kati na cha shahada: sita, saba, nane. Shuka kidole cha shahada: tisa, kumi. Pingili mbili zilizobaki, za katikati na chini ya kidole cha kati, haziguswi, ndizo meru ya mkono.

Japa ina daraja tatu: ya sauti, ya kunong’ona ambapo midomo husogea na jirani hasikii, na ya moyoni. Manu anaipandisha thamani kila daraja, na ya moyoni ndiyo ya juu kabisa. Hata hivyo anayejifunza asiruke kwenda kwenye ya moyoni, kwa sababu kimya huficha makosa. Kwa wiki za mwanzo isomwe kwa sauti mbele ya anayeijua.

Tahadhari moja ya mwili: katika hatua ya kudhibiti pumzi, mapokeo huagiza kushikilia pumzi huku Gayatri yenye matamko saba badala ya matatu ikisomwa moyoni. Mwenye shinikizo la damu, mwenye maradhi ya moyo na mjamzito wasishikilie pumzi. Wapumue taratibu tu.

Nani anaruhusiwa

Kwa karne nyingi jibu lilikuwa finyu. Mantra hii ilitolewa katika upanayana, ibada ambamo mvulana huvishwa uzi mtakatifu na kuingizwa katika masomo ya Veda. Vitabu vya kale vinataja mwaka wa nane kwa Mbrahmani, wa kumi na moja kwa Kshatriya (tabaka la wapiganaji) na wa kumi na mbili kwa Vaishya (tabaka la wafanyabiashara na wakulima). Mwalimu au baba humfundisha mtoto mshororo mmoja mmoja kwanza, kisha nusu ubeti, kisha ubeti mzima. Washudra, tabaka la chini la watumishi, walifungiwa nje, na wanawake katika sehemu kubwa ya mapokeo nao pia.

Waliopinga ufinyu huo hawakuwa na hoja dhaifu. Rigveda yenyewe inawataja wanawake kuwa waonaji wa baadhi ya nyimbo, wakiwemo Lopamudra, Ghosha na Apala. Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj, harakati ya kurekebisha dini ya Kihindu, mjini Bombay mwaka 1875, alifundisha kwamba Veda ni za watu wote, wanawake kwa wanaume, bila kujali tabaka. Harakati hiyo ilifika Afrika Mashariki mapema pamoja na wahamiaji kutoka Punjab na Gujarat, na Arya Samaj ya Nairobi ilianza mwaka 1903. Baadaye Shriram Sharma Acharya, kutoka kituo chake cha Shantikunj huko Haridwar, aliieneza Gayatri kwa mamilioni ya watu kwa msimamo uleule. Leo katika mahekalu mengi wanawake huisoma kwa sauti, na bado zipo familia zinazoshikilia kuwa isisomwe bila upanayana. Wote wawili utawakuta mji mmoja, kwa hiyo ukiwa mgeni uliza desturi ya mahali hapo.

Yale mawimbi 110,000

Ujumbe ule wa simu hauwezi kuwa kweli, na sababu ni rahisi kuliko mtu anavyodhani. Nyuzi za sauti za mwanamume hutikisika kama mara 100 mpaka 150 kwa sekunde anapoongea, za mwanamke kama mara 200. Sikio la binadamu husikia kuanzia mitikisiko 20 mpaka 20,000 hivi. Mitikisiko 110,000 ni eneo la sauti za popo. Koo la binadamu halifiki huko kwa mantra yoyote, na kama lingefika hakuna ambaye angesikia.

Ukweli uliopimwa ni wa kiasi zaidi, na kwa maoni yangu unapendeza zaidi. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Italia uliofanywa kwa watu wazima 23 wenye afya. Waliposoma sala ya rozari ya Ave Maria kwa Kilatini, na waliposoma mantra ya Kibuddha *om mani padme om*, kupumua kwao kulishuka hadi karibu mara sita kwa dakika, na mwitikio wa mwili unaodhibiti shinikizo la damu ukaimarika. Gayatri haikuwamo katika utafiti huo. Lakini mtu anayesoma Gayatri moja kwa pumzi moja ya sekunde kumi anapumua kwa mwendo uleule, hivyo utulivu anaousikia una maelezo ya mwili yanayowezekana. Hilo haliifanyi kuwa dawa. Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu aendelee na vidonge vyake.

Na asiye Mhindu darasani kwa yoga? Ajue kwamba anachotamka ni sala iliyoelekezwa kwa Savita, hata kama mwalimu ameiita zoezi la sauti. Mwenye dini inayomkataza ana haki ya kunyamaza wenzake wanaposoma, na kumwambia mwalimu mapema ni bora kuliko kubabaisha midomo. Katika harusi au ibada ya moto mgeni hatarajiwi kusoma. Hukaa kimya, akavua viatu wengine wanapovua, na asipige soga mpaka *prachodayaat* ya mwisho ipite. Anayependa kuisoma kwa moyo mweupe atafute mtu wa kumsikiliza na kumrekebisha, aanze na dh na bh, halafu urefu wa irabu, halafu kidatu. Kwa mwenye mwalimu, hiyo ni kazi ya miezi michache.